Nilipomgeuzia Mama Mkwe Kioo

Nianze na mambo yanayoweza kuthibitishwa. Gari lilikuwa sedani ndogo ya Ulaya, milango minne, injini ya petroli ya lita moja nukta nne, kabureta, gia tano na ya kurudi nyuma, usukani kushoto. Kwa kilomita mia lilikunywa lita saba, nane ukipanda milima, na hapa kwetu Gisenyi nani asiyepanda milima? Buti lake lilimeza magunia mawili ya viazi na bado likafungika. Hayo yote ni kweli. Basi na yanayofuata ni kweli vilevile, ingawa ningefurahi sana kama yangekuwa uongo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania na shahada moja, nikaoa hapa hapa, nikaishi kwa imani kwamba mtu aliyesoma haogopi kitu asichoweza kukipima. Gari lilikuwa la zamani, ndiyo maana nililimudu, lakini nililisifu kana kwamba nimelichora mwenyewe. Wenzangu kazini walikuwa wakikumbuka shughuli nyingine kila nilipofika kwenye kabureta.

"Patron, hii voiture iko muzuri," fundi wa Goma aliniambia siku ya kulichukua. "Moteur inalala kama mutoto. Ni nyuma tu inashukaka kidogo, kama iko na batu. Nilibadilisha springi, inashuka tu."

Nikamweleza kwamba hakuna watu, huo ni uchovu wa chuma, na maneno ya fizikia nikayatia. Alinisikiliza kwa heshima ya mtu ambaye biashara yake imekwisha.

Sasa, mke wangu Vestine alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu upande wa kwao: mama yake, aliyeishi kule juu Bugeshi, chini ya volkano. Mama huyo alikuwa na mguu uliovimba hata goti halionekani, na kwa miezi alikuwa amekataa kuletwa hospitali mjini. Mimi hakunipenda sana. Kwake nilikuwa mtu wa kupita, nimekuja na upepo wa Tanzania na nitaondoka nao. Mwishowe akakubali, kwa sharti kwamba nije kumchukua mimi mwenyewe.

"Akiona umemdharau, hata kidogo, hatashuka tena," Vestine aliniambia akininyoosha kola. "Na mguu ule hautamngoja."

Niseme neno kuhusu heshima. Sisi tuliozaliwa ukimbizini tukarudi tulitaka kuwa Wanyarwanda kuliko Wanyarwanda wenyewe. Mila zilizokuwa zimelegea huku, wazazi wetu kule Karagwe walizitunza kama nguo za Krismasi. Mimi nilifundishwa kwamba mwanaume hamkodolei macho mama mkwe wake. Kwa hiyo mama alipokwisha kuketi nyuma na fimbo yake na kikapu, nilinyoosha mkono nikakigeuza kioo cha kutazamia nyuma, kikatazama dari. Nilijiona muungwana kweli. Muungwana anayeshuka mlima bila kioo!

Ilikuwa jioni mapema, lakini ukungu ulikuwa umeshuka hata nikawasha taa. Nilizungumza. Ningefanya nini kingine? Nilimweleza mama wa watu, kwa Kinyarwanda changu cha kukwaruza, faida za gia ya tano. Tulipofika penye mawe meusi ya volkano akagonga kiti changu.

"Hagarara gato, mwana wanjye." Simama kidogo, mwanangu.

Nikasimama. Sababu huulizi, ni mama mkwe. Mlango ukafunguka, ukafungwa. Nikakaza macho mbele na kuendelea kuzungumza kwa sauti kubwa, ili ajue kwamba simsikilizi huko aliko. Baada ya muda mlango ukafunguka tena, gari likashuka nyuma, mlango ukafungwa.

"Tuko sawa, Mabukwe?" nikauliza; ndivyo kwetu anavyoitwa mama mkwe.

"Tuko sawa. Twende."

Alisema kwa Kiswahili. Kiswahili kilichonyooka kabisa, na mama mkwe wangu hakuwa nacho zaidi ya kile cha kuuzia maharage kwa watu wa Goma. Nilipaswa kushtuka. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilidhani siku zote alikuwa akininyima lugha kwa kinyongo, na leo amelainika.

Na akaanza kuuliza maswali! Injini ni kubwa? Nikamwambia. Mlimani inapata moto? Kidogo, nikasema, lakini feni ni mpya. Na buti je? Magunia mawili, Mabukwe! Niamini, hakuna binadamu aliyewahi kuniuliza habari za buti kwa hiari yake. Nilicheka kwa raha.

"Na watu?" akauliza.

"Watano. Kwa starehe kabisa."

"Sisi tulipokimbia tulipanda tisa," akasema. "Kioo cha mlango wa kulia bado hakipandi mpaka juu?"

"Kinakwama, kinaacha upana wa vidole viwili. Umejuaje?"

"Nilikishikilia."

Mkono ukaenda wenyewe kwenye kioo cha juu, ukakishusha.

Hakuwa mama mkwe wangu. Alikuwa mwanamke wa umri wa Vestine, kitenge kimemlowea mwilini, ameketi katikati kabisa ya kiti. Mikono alikuwa ameinyoosha huku na huku, viganja vimepinda, kama mtu anayewazuia watoto wawili wasianguke. Pande zote mbili hapakuwa na mtu, lakini kiti kilikuwa kimebonyea.

"Usipige breki," akasema taratibu. "Wamelala."

Nikapiga breki. Nikatoka, nikakimbia, shahada na yote. Nilifika kwenye kizuizi cha wanajeshi kule chini Kanzenze nikiwa na kiatu kimoja.

"Wee mzee! Nani anakufukuza?" askari mmoja akaniuliza.

"Gari langu..."

"Gari linakufukuza?" Wenzake wakaangua kicheko. "Ama ni bibi yako yuko ndani?"

"Kuna mwanamke. Si mama mkwe wangu."

"Kwani mama mkwe wako yuko wapi?"

Haki ya Mungu, hapo ndipo nilipomkumbuka. Si kabla. Mteremko mzima nilikuwa nimeukimbia nikijiombea mimi, bila kuwaza hata mara moja kwamba kama huyu si yeye, basi yeye yuko wapi. Yule askari hakucheka tena. Siku zile za waasi barabara ile haikuwa mahali pa kumwacha mtu giza likiingia.

Walinipandisha kwa gari lao. Langu tulilikuta katikati ya njia, injini inanguruma, mlango wangu wazi, kiti cha nyuma kikavu, kikapu na fimbo ya mama mkwe vimetulia sakafuni. Yeye tulimkuta juu zaidi, ameketi kwenye jiwe, mguu ameunyoosha mbele yake kama mzigo wa mtu mwingine.

"Nilikuita," akasema. "Nilikuita mpaka sauti ikaniisha. Nikakusikia unacheka. Ulikuwa unacheka na nani?"

Ningemjibu nini mbele ya wanajeshi? Nikasema sikusikia, injini ina kelele. Hebu fikiri, mimi kuisingizia injini ile!

Alikataa kupanda gari langu, akakataa na la wanajeshi. Alirudi kwake akiegemea bega la askari. Vestine alipanda mara nyingi kumbembeleza, na alipokubali hatimaye kushuka, kwa basi, madaktari walikuwa hawana cha kuokoa. Waliukata mguu chini ya goti. Anaishi bado, namshukuru Mungu, lakini hanipokei. Mke wangu anapokwenda kumwona, mimi hubaki barabarani kama mchukuzi.

Vestine nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kubisha kitu, hata wale watoto. Kisha akauliza jambo moja: "Ulipoona si yeye, ulirudi kumtafuta?" Gari nilimrudishia fundi wa Goma, na sikuuliza lilikwenda kwa nani.

Basi wewe mwenye gari, mtu akipanda nyuma, nyamaza. Nyamaza mpaka umsikie kwa sauti unayoijua, na ukisikia sauti usiyoijua, usifanye kama mimi. Njia zile zina watu ambao hawataki kukudhuru. Wanataka kufika tu, na watasikiliza upuuzi wako wote ilimradi uendeshe. Siku ile niliwaacha akina mama wawili kwenye ukungu. Mmoja najua anapoishi, na mlango wake najua umefungwa kwa haki. Yule mwingine nilimweleza habari za injini, za feni na za buti. Sikumuuliza alikuwa anawapeleka wapi.