Mji Haujatulia

Likizo yangu ya mwisho niliimalizia nyumbani Mishamo, Tanzania, nikimsaidia mama kupukuchua mahindi. Wazazi wangu walifika pale wakiwa wakimbizi kutoka Burundi. Mimi nilirudi Burundi nikiwa mtu mzima, nikapata kazi ya kusoma habari za Kiswahili redioni. Majirani walisimamisha baiskeli zao kunitazama, kana kwamba redio yenyewe imeketi mkekani.

"Hizo habari," mama aliniuliza, "huwa mnaziona wenyewe au mnaletewa tu?"

Nilicheka. Nikamwambia mara nyingi tunaletewa.

Wiki chache baada ya kurudi kazini, wanajeshi waliipindua serikali. Asubuhi ile tulifika studioni wawili tu, mimi na Dismas, fundi mitambo. Alikuwa mtu wa utani mwingi, ndiye aliyenifundisha kuvuta pumzi kabla ya kusoma. Siku hiyo hakutania. Alikuwa amepitia sokoni.

"Konsolata, watu wamelala barabarani," alisema. "Na waliowapiga risasi bado wanapita nyumba kwa nyumba."

Hatukupata nafasi ya kuzungumza zaidi. Wanajeshi waliingia, na ofisa wao akaniwekea karatasi mezani.

"Soma hii kwa Kiswahili. Usiongeze neno."

Karatasi ilisema mji umetulia, wananchi watoke waende makazini na sokoni.

Sokoni.

Ofisa alitoka, akasimama ukumbini kusikiliza kwenye redio yao. Nilimtazama Dismas kupitia kioo. Alifunga mlango wa chumba cha mitambo kwa ndani. Kisha akanionyesha kwa kidole dirisha lililokuwa nyuma yangu.

Taa nyekundu ikawaka.

Nikavuta pumzi.

"Mji haujatulia," nikasema. "Watu wanauawa sokoni. Msitoke. Aliye njiani kuja mjini, arudi."

Nikarudia. Nikasema tena kwa Kirundi.

Wanajeshi walikimbilia kwa Dismas ili wazime mitambo. Nilisikia mateke mlangoni. Dismas hakuzima. Alinipungia mkono kwa hasira, niondoke.

Nilitoka dirishani. Nilikuwa juu ya ukuta wa uani niliposikia risasi.

Dismas alifia pale. Mpaka leo hakuna aliyenionyesha kaburi lake.

Nilijichanganya na watu waliokuwa wakikimbia, tukatembea hadi tukavuka mpaka kuingia Tanzania. Kutoka Kigoma nikapata lori. Mama aliponiona alinishika uso kwa mikono yote miwili.

Jirani mmoja alikuja kunionya. "Nyamaza, binti. Wengine tuna ndugu kule. Maneno yako yatawaletea balaa."

Nilimwelewa. Lakini Jumapili, watu walipotoka kanisani, nilisimama nje nikaeleza niliyoyaona. Sikumtaja ndugu wa mtu yeyote. Jina la Dismas nililitaja, nikalitaja tena. Mama alisimama ubavuni kwangu mpaka nilipomaliza.

Miezi ikapita, akafika Jenoveva, dada yake Dismas. Alikuwa ameuliza njiani kote mpaka akanipata.

"Mwishoni alikwambia nini?"

"Hakusema. Aliniwashia taa nisome."

"Nilikuwa kwenye gari, tunakuja mjini," alisema. "Tulikusikia. Dereva akageuza. Wale wenzangu wote wanakuombea mpaka leo." Akajifuta macho kwa kitenge. "Mimi namtaka kaka yangu."

Alibaki Mishamo, akapata shamba jirani na letu.

Watu wananiuliza kama ningeyasema tena maneno yale, nikijua yatakavyomgharimu Dismas. Ningeyasema. Siku moja tukiwa shambani nilimwambia hivyo Jenoveva mwenyewe, usoni. Hakuondoka. Alisogea kwenye mstari wa pili wa maharage, nami nikashika wa kwangu, tukapalilia mpaka jioni.