Mama Alikuwa Anaumwa

Sentensi moja ya Kiingereza, iliyonyooka, isiyo na kosa hata la nukta, ilimnyima mama yangu kumwona mwanawe wa kwanza. Niliiandika mimi.

Aisee, nimechoka kuibeba. Acha niitue humu.

Mwaka 1975. Tulishahamishiwa kijiji cha ujamaa kule Mollo. Mimi Kalista, kidato cha pili, Kiingereza kimenipanda kichwani. Kaka Clemens alikuwa karani Mbeya, na amri ilikuwa yake:

"Barua zote niandikie kwa Kizungu, nione kama shule inakuingia."

Nikiwa likizo, mama akaanguka shambani kwenye ulezi. Akaniita kitandani.

"Mwandikie kaka yako. Mwambie naumwa. Nataka kumwona."

Sasa, kabla ya kufunga shule, mwalimu Adriano alitufundisha usemi wa taarifa. Ukiripoti maneno ya mtu, wakati uliopo unarudi nyuma. *Am* inakuwa *was*. *Want* inakuwa *wanted*. Ukikosea, fimbo.

Nikaandika: *Mother said that she was ill and that she wanted to see you.*

Safi kabisa! Nikajisifu peke yangu, mjinga mimi.

Jibu lilichukua siku kumi na moja. Kiswahili kitupu, furaha tele:

"Mdogo wangu, umenishtua! Kumbe mama alikuwa anaumwa? Namshukuru Mungu amepona. Nitakuja Krismasi."

Nikaikunja ile barua haraka.

"Kaka yako anasemaje?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Anasema yuko njiani, mama."

Akatabasamu. Wallahi, hata mimi Mkatoliki naapa, alitabasamu.

Mimi huyo, nikaazima baiskeli ya jirani yetu Mzee Urbano, mbio hadi posta Sumbawanga. Nikapiga telegramu: MAMA HOI NJOO.

Clemens alifika siku ya nne. Tulikuwa tumemzika jana yake.

Akasimama mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mwisho alisema nini?"

Sikuwa na nguvu ya kugeuza chochote. Nikampa maneno yenyewe:

"'Mwambieni Clemens asimharakishe dereva. Nitamsubiri.'"

Kaka akakaa chini palepale, akalia kama mtoto. Hakuniuliza nani alimwambia mama kwamba yuko njiani. Mpaka leo hajauliza.

Jamani, maneno ya mgonjwa yapeleke kama yalivyotoka kinywani mwake. Sarufi utaisahihisha baadaye.