Harufu Haifunguzi

Enzi za Mwingereza, marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kuziba mipira ya magari kwenye karakana moja ya Kongowe. Gundi yao waliiyeyusha kwa benzini, ndani ya chumba chenye dirisha moja. Akirudi jioni, nilimnusa kabla sijamwona. Kanzu yake ya Ijumaa niliifungia sandukuni peke yake.

Mwaka mmoja Ramadhani ilipokaribia, mafundi waliingiwa na wasiwasi: kuvuta ule mvuke kutwa, si kunafunguza? Wakatuma mtu kwa shehe, Kisarawe. Shehe akauliza, hiyo benzini wanaimeza? Hawaimezi. Basi, akasema, harufu haifunguzi, kwa kuwa haifiki tumboni. Mume wangu alirudi na habari hiyo akicheka, nami nikacheka naye.

Shehe simlaumu, alijibu alichoulizwa. Mwenye karakana ndiye ambaye hakumuuliza mtu chochote, maana mipira ilikuwa inazibwa.

Mwaka uliofuata, fizi zilianza kumtoka damu. Viganja vikapauka, na kutoka kisimani hadi mlangoni akawa anapumzika njiani. Ramadhani ilipoingia nilimwambia, "Mume wangu, kula, mgonjwa ana ruhusa." Akasema huo ni uchovu tu.

Alikufa mwezi huohuo, alasiri. Miaka mingi baadaye daktari aliniambia kuwa ule mvuke huingia hadi kwenye mifupa, pale damu inapotengenezwa. Lakini siku ya msiba kila aliyenipa mkono alisema mume wangu ana bahati, amekufa na saumu yake.

Ni kweli. Katika mwili ule, kilichobaki kizima kilikuwa saumu.