Cheti Kilichokwama Kwenye Kompyuta Mpya

Jumatatu nilikwenda ofisi moja ya hapa Mtwara kuchukua cheti cha kifo cha mke wangu. Karani alikunja kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta mpya, akabonyeza, akatikisa kichwa.

"Pole, mzee. Programu ya vyeti haifunguki humu. Walioitengeneza wameshaacha kuihudumia."

"Na mashine ya zamani?"

"Tumeirudisha Dar."

Mama mmoja kutoka Madimba, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, akadakia, "Mwanangu, mnabomoa nyumba kabla mpya haijaezekwa?"

Karani akacheka. Mimi sikucheka. Aliyenunua mashine hakumuuliza mwenye programu itahudumiwa mpaka lini.

Jina la mke wangu nililiandika kwa rangi kwenye msalaba wa kaburi lake. Masika yamepita, na bado linasomeka.