Mashine ya Duka la Vifungo

Jamani, Mama Vifungo alikuwa amechoshwa na watu wenye mabegi. Wiki nzima walipishana mlangoni kwake na mashine zao za mauzo, kila mmoja akiapa kwamba yake ndiyo mwisho wa matatizo. Na tatizo lenyewe lilikuwa moja tu: Alhamisi alikuwa anapasuliwa mtoto wa jicho, na daktari alishampiga marufuku kukaa dukani mwezi mzima. Mwezi! Mafundi cherehani wakikuta mlango umefungwa siku tatu tu, wanahamia duka la kona, na wakihamia ndiyo basi.

Wa kubaki dukani alikuwepo: wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyemsaidia kwa miaka sita. Lakini huyo wifi alikuwa mpole mpaka anakera, kazi yake kufagia na kupokea mizigo. Akinyoosha mkono tu kwenye zile droo mia mbili, anakemewa: "Acha wifi, utanichanganyia!" Ndiyo maana ikatafutwa mashine ya kumjulia vifungo.

Muuzaji wa kwanza alitaka kila kitu kiwe na jina.

"Hiki kinaitwaje, mama?"

"Kifungo."

"Na hiki?"

"Kifungo. Kwani wewe unaona nini?"

Aliandika Kifungo cha Kwanza mpaka cha Thelathini na Mbili, akaaga anakwenda kunywa chai. Hakuonekana tena.

Jumanne akaja mwingine, na mashine ya picha. Unagusa picha, inakuonyesha droo, kwisha. Alikuwa ameshapiga picha vifungo vyeupe peke yake, arobaini na kitu, alipoingia fundi na shati lililopungukiwa kifungo kimoja.

"Haya wifi, jaribu," Mama Vifungo akasema.

Wifi akatazama kioo cha mashine. Vyeupe vitupu, kama punje za mchele.

"Gusa chochote tu, mama," muuzaji akasema. "Si vyote vyeupe?"

Fundi akamtazama kama mtu aliyetukanwa. Mama Vifungo akashika kichwa. Mungu wangu, keshokutwa ndiyo Alhamisi!

Wifi hakugusa kitu. Alichukua shati, akakipapasa kifungo kilichobaki kwa dole gumba, akaenda moja kwa moja kwenye droo ya chini kabisa, akarudi na pacha wake. Fundi akalipa, akaondoka zake.

"We! Umejuaje?"

"Mwaka mzima unavidondosha, huvioni," wifi akajibu taratibu. "Ukishatoka, nani unadhani anaviokota na kuvirudisha kila kimoja kwenye droo yake?"

Hasira zote za wiki nzima zikamgeukia Mama Vifungo mwenyewe.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Umewauliza wenye mabegi."

"Basi mashine ya nini tena? Aende nayo!"

"Hapana, nunua," wifi akasema haraka. "Vifungo navijua. Hesabu ndizo zinanipiga chenga. Nikirudisha chenji natetemeka."

Mama Vifungo akamgeukia muuzaji. "Unayo inayojumlisha tu na kunyamaza?"

"Ipo, mama, lakini hiyo ndiyo ya bei ya chini kabisa."

"Ilete kesho asubuhi."

Kisha akatoka nyuma ya kaunta, akampisha wifi yake.