Kompyuta Juu ya Kaburi

Naandika nikiwa bado na kichefuchefu, kwa hiyo msiniamini sana. Na shule nilisoma kidogo.

Mwalimu aliyetuletea kompyuta Koboko, akatufundisha kuchapa, tulimzika kwao Ludara. Mwaka huu kamati ya kuwaenzi waanzilishi wa kompyuta ikatoka Arua na saruji. Walitaka mashine yake ijengwe juu ya kaburi, wageni wapige picha. Kusema haki, saruji ilitoka mfukoni mwao, na kabla yao hakuna aliyemkumbuka. Lakini ile mashine bado ni nzima. Mjane wake huchapia watu barua pale sokoni Koboko, na hicho ndicho chakula cha watoto.

Siku hiyo pale kaburini, fundi wao alikuwa ameshaifungua mgongo amwage saruji ndani, isije ikaibwa.

"Mama, hii ni heshima," mwenyekiti wa kamati akamwambia mjane, jasho lake likidondokea kioo.

"Shemeji, heshima nitapika na sufuria gani? Kesho watu iko nakuja kuchukua barua zao."

"Kamati itakutafutia ingine."

Nikawaza moyoni: Unamsifu marehemu huku unampokonya mkewe tonge!

Sikujua kama nina haki ya kusema, maana mimi si ndugu. Nikasema tu kwamba kwangu iko kompyuta iliyokufa, ya aina ileile, kuku hutagia ndani. Wageni hawatajua tofauti.

Mwenyekiti akakunja uso. "Unataka tumheshimu mwanzilishi na mavi ya kuku?"

"Mavi inaoshwa," mjane akamjibu. "Njaa je?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti, simnyimi haki yake, akacheka pia, akapanda boda nami kwenda kuichukua.

Tuliikwangua sisi wawili. Yai viza likanipasukia kiganjani, sabuni haikuondoa uvundo.

Siku ya sherehe wageni kutoka Arua walipanga mstari kaburini. Mwenyekiti, yule yule aliyekwangua pamoja nami, akaipapasa mashine kama shavu la mtoto. "Vidole vyake viligusa hapa hapa!" akasema, na machozi yakamtoka. Sijui kama yalikuwa ya uongo. Kuna mgeni aliibusu. Nikageuka, nikatema mate. Uvundo ulikuwa bado upo, ama ni pua yangu tu.

"Mama mwenyewe yuko wapi, tupige naye picha?" mmoja akauliza.

"Yuko Koboko," nikamwambia. "Anachapa."