Mume wa Nje kwa Gapi wa Buluu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata ndoo. Nilisimamishwa mbele ya beseni lililojaa samaki wadogo kuliko kidole cha mtoto, nikaambiwa, "Nionyeshe ambaye hafanani na wenzake." Aliyesema hivyo ni Msimamizi wa Matanki, bosi wangu wa kwanza, kule Arusha, kwenye banda la kuzalisha samaki wa mapambo. Hao ni wale wasioliwa, wa kuangaliwa tu kwenye kioo. Wenzangu tulioomba nao kazi walitazama wakaona samaki. Mimi nikaona mmoja mwenye doa jeusi chini ya mkia.

Msimamizi akavua miwani. "Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba, mzee."

"Basi hayo macho hukuyapata shuleni. Chukua ndoo."

Nawaandikia ninyi vijana mnaonisimamisha hapa Bagara, Babati, kuniuliza nilijengaje nyumba nzuri vile kwa samaki asiyeingia kwenye sufuria. Jibu ni fupi: mkoa huu hakuna mtu aliyejua gapi kunizidi. Kama yupo, ajitokeze, tukae mbele ya tanki tushindane.

Gapi ni samaki anayezaa watoto hai, hatagi mayai. Dume ndiye mwenye rangi na mkia wa kupepea. Jike ni mnene, hana makuu. Ila jike ana siri moja iliyowafilisi wengi. Akishapandwa mara moja, anatunza ile mbegu tumboni na kuzaa tena na tena bila kuona dume mwingine. Kwa hiyo mfugaji wa rangi anawatenga mabinti mapema, kabla pezi la chini la kaka zao halijachongoka kama sindano, dalili kwamba wako tayari kupanda. Ukichelewa, umechelewa.

Habari ya rangi Msimamizi alinifundisha kwa maneno yake mwenyewe. "Kijivu ni rangi yenye kelele," alisema. "Buluu ni mpole. Ukimwoza buluu kwa kijivu, watoto wote wanatoka kijivu. Lakini buluu hajafa, yumo ndani amenyamaza. Siku wapole wawili wakikutana, utamsikia."

Mwenye tabia kama yangu hakai chini muda mrefu. Nilihamishiwa tawi la Moshi, chini ya Meneja wa Tawi, bwana wa tai aliyeogopa kushika samaki. Yeye alipanga duka kwa kuchanganya rangi zote kwenye tanki moja ili wateja wafurahi. Haukupita muda mrefu akaniita, amekunja uso.

"Samaki wako wamepauka."

"Hawajapauka, Meneja. Wameoana."

Baada ya hapo hakununua hata chakula cha samaki bila kuniuliza.

Nilipoamua kurudi nyumbani Babati nijitegemee, Msimamizi alinipa zawadi kwenye chupa ya kioo: dume na jike wa buluu, buluu ya wino, mkia mweusi ti. Gapi wa rangi ile sikuwahi kuwaona popote nje ya banda lake. "Usiwaache wapotee," alisema.

Mji ulinicheka, acha tu. Watu hapa wamezoea perege wa ziwani, wa kukaanga. Bodaboda walikuwa wakipita getini: "Baba Paskali, hao hata dagaa wanawaonea huruma!" Nikafunika matanki kwa mablanketi kwa sababu ya baridi yetu hii, nikazalisha. Baadaye walewale wakawa wananibebea mifuko ya samaki kupeleka ofisini kwa watu.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe. Gapi wangu wote wa buluu walitoka kwa wale wawili wa kwenye chupa. Kila uzao ilibidi nimwoze kaka kwa dada, binti kwa baba, kuishikilia rangi. Ikashika kweli. Lakini migongo ikaanza kupinda. Kila wakizaliwa, vibiongo, vibiongo. Na wakati huohuo hoteli mpya mjini ilitaka tanki kubwa pale mapokezi. Meneja wa Hoteli alikuja, akainama kwenye kioo, akainuka.

"Rangi nzuri sana. Ila mbona wanatembea kama wazee wa mkongojo? Ukiniletea walionyooka kabla ya ufunguzi, tanki ni lako. La sivyo naweka maua ya plastiki."

Maua ya plastiki! Mbele yangu mimi!

Nilikuwa nimebaki na majike watatu walionyooka, mabinti kabisa, na dume mmoja mchanga aliyenyooka. Nikawatenga majike kwenye beseni lao wamsubiri mwenzao akue. Ukoo mzima wa buluu ulikuwa mle. Ukiharibika ule, ndiyo basi.

Ndipo mama mkwe alipofika kutoka Sigino kumlea binti yake, maana Mama Paskali alikuwa amejifungua mtoto wetu wa pili. Mama yule si mtu wa kukaa bure. Asubuhi moja natoka sokoni namkuta kwenye mabeseni, kitenge amejifunga kifuani, amefurahi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Paskali. Hawa watoto wa kike umewafungia peke yao kama wajane?"

"Wanamsubiri mume, mama."

"Mume yupi?"

Nikamwonyesha yule dume mchanga. Akamtazama, akawatazama. "Wanafanana. Si ndugu yao huyu?"

"Ni... ndiyo, mama."

"Mungu wangu! Unaoza dada kwa kaka, halafu unashangaa migongo!" Akajipangusa mikono kwenye kitenge. "Basi shukuru nilifika. Nimewaletea mume kutoka kwenye pipa."

Pipa! Kwenye pipa la maji ya bustani nilikuwa nafuga gapi wa kijivu wa kula viluwiluwi vya mbu, wale wa bure nilioletewa na dereva wa basi, wasiojulikana baba wala mama. Nikainama. Dume mmoja wa kijivu, mnene, anacheza ngoma mbele ya mabinti zangu. Kazi alikuwa ameshamaliza.

Angekuwa mtu mwingine, angesikia maneno mpaka Dareda. Lakini mama mkwe utamwambia nini? "Asante, mama," nikasema, nikatoka nje nikaufokea mwembe wa jirani.

Nilimpigia simu Msimamizi, wakati huo ameshastaafu. Nikamweleza yote. Kwanza alicheka mpaka akakohoa.

"Mzee, ukoo umekwisha!"

"Nani kasema? Usimwage hata mmoja. Subiri wazae, utazame migongo, halafu ukumbuke nilichokwambia kuhusu wapole."

Walizaa. Wote kijivu, kijivu cha mtaroni. Lakini nikawatazama kwa haya macho yangu, na migongo ilikuwa imenyooka kama rula. Kumbe damu ngeni ndiyo iliyokosekana, na buluu ilikuwa imenyamaza ndani ya kila mmoja. Nikawatenga mabinti wale wa kijivu mapema, nikawaoza kwa dume wangu wa buluu aliyebaki.

Mama mkwe akapita. "Na huyu ni nani wao?"

Alikuwa mjomba wao. "Mgeni kutoka Arusha, mama," nikajibu. Asili yake ni Arusha, sikudanganya.

"Afadhali."

Uzao ule ulipokua, nusu walikuwa kijivu na nusu buluu ya wino. Mkia mweusi ti, mgongo umenyooka. Wachache waliopinda niliwatenga. Hoteli nayo ilikuwa imechelewa kufunguliwa kwa sababu ya vigae, bahati yangu, na siku ya ufunguzi wageni waliacha soda zao wakajazana kwenye kioo. Meneja wa Hoteli akanishika bega: "Umefanyaje?" Nikamwambia ni ufundi.

Sasa nimepumzika. Hakuna aliyenistaafisha, mgongo wangu mwenyewe ndio umechoka na ndoo, na Paskali anaendesha matanki vizuri, karibu kunifikia. Nakaa barazani, mtu akipita namweleza nilikotoka, hata asipouliza.

Ila kuna jambo moja sijalishinda. Wateja hawawaiti samaki wale kwa jina langu. Wanawaita gapi wa Mama Mkwe, kwa kuwa yeye hakunyamaza. Kuanzia kanisani hadi sokoni amewaambia watu ni nani aliyewatafutia mume. Na kila migongo inapoanza kupinda tena, Paskali hanifuati mimi barazani. Anapiga simu Sigino.

Bibi anakuja na bajaji, anaweka mkoba chini, anainama juu ya pipa na kutazama mmoja mmoja kama anayechumbia. Mwishowe ananyoosha kidole.

"Huyo. Ana adabu."

Nami nasimama pembeni nimeshika wavu. "Ndiyo, mama," nasema, na ninamvua.